Kipupwe Njiani: Kutoka Mnazi Mmoja Hadi Iringa

Masika yakishapita na kusi ikashika, jasho la Kariakoo hupungua. Huu ndio msimu ambao wazee wetu wa pwani huuita kipupwe. Mtu wa Mnazi Mmoja akitoka alfajiri kwenda msikitini huona haja ya kujitupia shuka begani, na muuza kahawa hupata wateja wengi kuliko muuza maji ya baridi. Kwa watu wa nyanda za juu huo ni wakati wa baridi khasa. Na kwa mwenye kupenda kuwatazama wanyama wa porini hakuna wakati ulio bora kuliko huo, kwani majani yamelala chini, vidimbwi vimekauka, na kila kiumbe mwenye kiu hana budi kuja pale palipobaki maji.

Basi katika mwezi wa Julai wa mwaka jana tulikata shauri kwenda Iringa kumzuru shangazi yetu, na njiani tupite katika Hifadhi ya Mikumi. Rafiki tuliyeahidiana naye alipata udhuru siku moja kabla ya safari, tukabaki peke yetu. Twasema "sisi" kwa desturi ya kurasa hizi. Lakini ndani ya gari alikuwamo mtu mmoja tu, na khabari yote hii yategemea jambo hilo.

Mama hakupendezwa. "Mwanangu," alituambia, "kwani darsa zote zile ulizokwenda hukusikia? Mtu haendi safari peke yake." Usiku ule baada ya sala ya Isha tulimwendea Sheikh wetu pale msikitini Kariakoo, tukamwuliza. Akatufahamisha kwamba ni kweli Bwana Mtume (S.A.W.) alichukia mtu kusafiri peke yake, na katika Sahihi ya Bukhari limepokewa onyo lake juu ya mpandaji aendaye usiku bila ya mwenziwe. Akasema kwamba wanavyuoni wengi wamelichukulia jambo hilo kuwa ni karaha wala si haramu, na wametaja sababu yake: aliye peke yake akiugua hana wa kumwuguza, akifa hana wa kumwosha wala wa kuupokea wasia wake. Akasema vile vile kwamba barabara kuu ya leo, yenye watu na magari mchana kutwa, haifanani na jangwa tupu. Tukafurahi, tukainuka kwenda zetu. Lakini Sheikh alitushika mkono akaongeza: "Mchana, nimesema. Jua likitua, lala ulipo."

Tukampelekea mama jibu hilo. Naye akaliridhia kwa sharti lake mwenyewe, kwamba Jumapili usiku tuwe tumelala nyumbani. Tukakubali sharti la Sheikh na sharti la mama yote mawili, wala haikutupitia katika fikira kwamba masharti mema mawili yaweza kugombana.

Alhamisi, baada ya kusali Alfajiri, tuliondoka. Wasomaji wetu wa mikoani ambao hawajafika Dar es Salaam wajue kwamba Mnazi Mmoja ni ule uwanja mpana ulio baina ya Kariakoo na mitaa ya mjini. Waingereza, walipokuwa wakiupanga mji baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, waliuacha wazi makusudi ili uwe mpaka wa kutenganisha makazi ya Waafrika na makazi ya watu wengine. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kutokana na wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, waliopigishwa kambi hapo wakati wa vita hivyo. Ubaguzi ule umekwenda na wenyewe, na uwanja umebaki. Leo watu huusalia Idi, huusomea Maulidi, na jioni watoto huuchezea mpira. Asubuhi ile ulikuwa mtupu, na umande juu ya majani yake. Tukaisoma dua ya safari tukiwa tumekwisha keti mbele ya usukani, tukashika Barabara ya Morogoro.

Hatutawachosha wasomaji kwa Magomeni, Ubungo na Kimara. Foleni ni ile ile. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imeanza kwenda Morogoro, na kwa hakika anayetaka kufika huko tu na aipande, apumzike. Sisi tulitaka kusimama tupendapo. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mto Ruvu tulipouvuka, na yangeyange weupe walikuwa wamejipanga kando ya maji kama watu wanaosubiri imamu. Baada ya Chalinze nchi hufunguka, na mkono wa kushoto hujitokeza milima ya Uluguru. Katika kipupwe vilele vyake huonekana vizuri asubuhi, rangi ya samawati iliyokoza, na mawingu madogo yamekaa juu yake kama kilemba. Mji wa Morogoro umeegemea milima hiyo, kiasi cha kilomita 190 kutoka kwetu. Tukanywa chai, tukala vitumbua, tukaendelea.

Mikumi ni jina la mti. Mkumi ndio huo ambao watu wa pwani huuita mvumo, mtende mrefu wenye tumbo katikati ya shina. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, na eneo lake ni kilomita za mraba 3,230. Upande wa kusini yapakana na pori lililokuwa Selous. Sehemu ya kaskazini ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, kwa hiyo tembo aweza kutoka nchi moja ya wanyama akaingia nyingine bila ya kuulizwa pasi. Lakini jambo la ajabu la Mikumi ni kwamba barabara kuu iendayo Zambia yapita katikati yake, kiasi cha kilomita 50. Hakuna ukuta wala waya. Abiria wa basi la Mbeya, aliyelipa nauli yake tu, huona twiga dirishani akiwa anamenya chungwa.

Na hapo ndipo lilipo tatizo. Wanyama walikuwa na njia zao kabla ya lami, nao huendelea kuzifuata, kutoka upande huu kwenda upande wa pili kutafuta maji na malisho. Kuna vibao vya kuonya, kuna matuta ya kupunguza mwendo, na kuna faini zitofautianazo kwa kila mnyama agongwaye. Hata hivyo malori na mabasi hupita usiku na mchana. Wako na abiria watupao maganda ya ndizi na mabaki ya chakula madirishani, na nyani wamekwisha jifunza kuketi kando ya lami kungojea riziki hiyo. Tulimwona mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, akiokota mfuko wa plastiki katikati ya njia huku basi likimpigia honi. Tuliona haya kwa niaba ya walioutupa.

Tulifika langoni saa 6 kasoro robo, tukalipa kiingilio, tukaingia. Upande wa kaskazini wa barabara ni uwanda wa Mkata, tambarare pana ya majani yaliyogeuka rangi ya dhahabu, na kwa mbali imeuzunguka milima. Tulizima injini chini ya mti, tukateremsha vioo, tukatoa darubini. Basi pale tulikaa muda mrefu, na alhamdulillahi hapakuwa na mtu pembeni wa kutuhimiza. Huo ni upande wa pili wa upweke, nasi hatuna budi kuusema kwa insafu: aliye peke yake hunyamaza, na mwenye kunyamaza huona. Nyumbu na punda milia walikuwa wakila pamoja. Kwa mbali nyati walikuwa doa moja jeusi. Ngiri watano wakapita mbio, mikia juu, mdogo wao nyuma akijikwaa. Kisha wakaja tembo.

Walikuwa tisa, majike na watoto, nao walitoka katika miti bila ya kishindo chochote. Mtu hudhani kwamba mnyama mkubwa kama yule lazima atangulie kusikiwa; lakini nyayo zake ni laini, na hata tawi alilikanyagapo hulikanyaga kwa adabu. Jike kubwa lilisimama likatuelekea, likafungua masikio. Tukasoma tulichojaaliwa kukisoma. Baada ya muda kidogo likafunga masikio likageuka, na wengine wakalifuata. Tulikumbuka jinsi Kur'ani katika Sura ya Al-An'am ilivyotufahamisha kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi tulivyo umma. Aya hiyo tulikuwa tumeisoma tangu chuoni. Siku ile tuliiona ikitembea.

Karibu na bwawa la viboko pana mahali watu wameruhusiwa kushuka garini. Hapo tulitia udhu kwa maji ya dumu letu, tukasali Adhuhuri na Alasiri, rakaa mbili mbili, kwa kukusanya na kupunguza. Kwa vijana wetu twasema kwamba hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwa msafiri, nayo kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi ina masharti yake: safari isiwe ya maasi, iwe ya marhala mbili, ambazo wanavyuoni wa siku hizi hukadiria kuwa kilomita 80 na kitu, na mtu awe amekwisha toka katika mipaka ya mji wake. Kibla kwetu Tanzania si taabu kukitafuta: ni kaskazini, na huko Mikumi huegemea mashariki kidogo tu. Tulipotoa salamu ya kulia kiboko mmoja akaguna majini kwa sauti ya mtu anayecheka peke yake, na sisi pia tukacheka.

Tulilala mji mdogo wa Mikumi, na Ijumaa saa 1 asubuhi tukashika njia ya Iringa. Sehemu hii ya safari ndiyo nzuri kuliko zote. Barabara hushuka katika bonde la mto Ruaha Mkuu, na hapo huanza mibuyu, maelfu kwa maelfu, juu ya vilima na hadi ukingoni mwa maji. Katika kipupwe mibuyu haina majani hata moja. Matawi yake ni kama mizizi iliyoelekezwa mbinguni, na mabuyu yananing'inia kwa nyuzi zake kama taa zilizozimwa. Ruaha Mbuyuni watu hulima vitunguu, na wauzaji hukimbilia kila gari lipunguzalo mwendo. Kisha hufuata mlima Kitonga. Malori yaliyoshiba mizigo hupanda kwa mwendo wa mtu mzima aendaye kwa miguu, na upande mmoja wa barabara ni korongo. Ukifika juu umekwisha badili nchi: hewa nyembamba, misonobari, watoto wa shule wamevaa masweta, na moshi wa kuni ukitoka katika kila paa.

Tuliwahi Ijumaa mjini Iringa. Baridi yake ni kweli. Maji ya udhu alfajiri yalitukata vidole, na shangazi alitucheka akasema watu wa Dar es Salaam wameumbwa kwa sukari. Jumamosi tulikwenda Kalenga, kilomita chache tu kutoka mjini, mahali palipokuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe, ambaye mwaka 1891 jeshi lake liliwashinda Wajerumani pale Lugalo. Alikufa mwaka 1898. Fuvu lake likachukuliwa Ujerumani, na halikurudishwa mpaka mwaka 1954. Tulilitazama, tukatoka kimya.

Sasa twafika palipo pagumu. Jumapili tulikuwa tumeazimia kuondoka saa 1 asubuhi. Shangazi akasema hatutoki kwake bila ya kula chakula cha mchana, kwani kuku alikuwa amekwisha chinjwa. Na nani ambaye huweza kumkataa shangazi? Tukaondoka saa 6. Kitonga lori lilikuwa limeharibika katika kona, tukangoja zaidi ya saa nzima. Ruaha Mbuyuni tukasimama kumnunulia mama vitunguu. Tulipofika mji wa Mikumi muadhini alikuwa akiadhini Magharibi. Tukasali Magharibi na Isha katika msikiti mdogo kando ya barabara, na mzee mmoja aliyetuona tukifungua mlango wa gari akatuuliza: "Wapi usiku huu, mwanangu?" Tukamwambia. Akatazama kiti cha abiria, kilichokuwa na mfuko wa vitunguu tu, akasema, "Vyumba vya kulala vipo hapa."

Tulikumbuka neno la Sheikh. Twasema kweli, tulilikumbuka waziwazi, kila herufi. Lakini tulikumbuka pia neno la mama, na katika mizani ya haraka tukaona kwamba ahadi kwa mama ni nzito zaidi. Simu tulikuwa nayo mfukoni! Maneno mawili yangetosha kumwomba ruhusa, naye asingetunyima. Hatukumpigia, kwa kuwa tulijua angesema tulale, na sisi tulitaka kufika.

Ndani ya hifadhi giza ni giza. Malori ya upande wa pili huja na taa kali, na yakishapita macho hubaki hayaoni kitu kwa muda wa pumzi mbili au tatu. Katika moja ya pumzi hizo swala pala alivuka. Hatukumwona akija, tulimwona akiwa juu ya taa ya kushoto, kisha tukasikia mshindo, kisha kioo cha taa kikamwagika.

Tulisimamisha gari tukashuka, jambo ambalo halifai kabisa mahali pale. Alikuwa amelala ukingoni mwa lami, jike, miguu ya nyuma imevunjika, na ya mbele ikijaribu kuinuka. Jicho lake liliuakisi mwanga wa taa yetu moja iliyobaki. Alikuwa akipumua haraka haraka. Katika gari mlikuwa na kisu cha kumenyea machungwa, tukakichukua, tukasimama nacho. Swala ni halali. Mnyama aliye hai bado huchinjwa, na dini yetu imetufundisha kumpumzisha kiumbe wala si kumtesa. Lakini mnyama yule hakuwa wetu. Serikali imekataza, na mtu aonekanaye usiku ndani ya hifadhi ana kisu mkononi na swala miguuni pake, nani atamsadiki kwamba hakuja kuwinda? Hakukuwako shahidi hata mmoja. Tulitazama kushoto na kulia kumtafuta mtu wa kumwuliza, "Waonaje?" Pande zote mbili palikuwa na majani tu.

Hatujui tulisimama muda gani. Lori lililokuwa likitoka nyuma yetu lilipunguza mwendo, na dereva, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akatoa kichwa dirishani. Aliiona kofia yetu akatuita kwa adabu: "Ustadhi, ingia garini. Hapa si mahali pa kusimama. Wenye kuifuata damu hiyo wako njiani." Tukamwambia kwamba mnyama bado yu hai. Akasema, "Naona. Ingia garini, nifuate mpaka langoni. Wao ndio wenye kumjua la kumfanya." Akatuwekea taa zake za nyuma mbele yetu, akaenda taratibu, nasi tukamfuata kwa taa yetu moja. Alipotufikisha langoni akapiga honi mara moja akaenda zake. Jina lake hatukulipata.

Askari wa hifadhi alitusikiliza, akaandika. Akatuuliza mwendo tuliokuwa tukienda, tukamwambia. Ulikuwa zaidi ya ule ulioandikwa katika vibao. Akauliza, "Mlikuwa wangapi?" Tukasema mmoja. Akainua macho, kisha akaandika hilo pia. Wenziwe wawili walichukua gari na bunduki wakaenda, wakarudi baada ya nusu saa, wakasema fisi wamewatangulia. Tukaandikiwa faini, tukailipa. Yule askari alisema kwamba wengi hawasimami. Asubuhi huikuta damu tu na vipande vya vioo. Aliyasema hayo kwa kutufariji, nasi twamshukuru, ila hatukufarijika.

Tulilala Morogoro, na kabla ya kulala tukampigia mama, tukamwambia tumechelewa na tutafika kesho. La taa hatukumwambia.

Jumatatu kabla ya Adhuhuri tulikuwa Mnazi Mmoja. Jua lilikuwa kali kidogo, na watoto walikuwa wamekwisha uteka uwanja kwa mpira wao. Mama alitoka mlangoni, akatupokea mfuko wa vitunguu, akazunguka mbele ya gari. Katika ukingo wa taa iliyovunjika palikuwa pamenasa nywele chache za rangi ya udongo mwekundu. Akazichomoa kwa vidole viwili, akazitazama.

"Ilikuwa usiku?" akauliza.

"Naam, mama."

Akazifunga nywele zile katika pembe ya kanga yake, akaingia ndani kututilia maji ya kunawa.